Umeme Mchache, Nani Apewe Kwanza?

Pundanhar ni kijiji cha bara katika wilaya ya Palma, kwenye njia iendayo Nangade; ukivuka mto Ruvuma kuelekea kaskazini umo mkoani Mtwara. Ndugu askari waliopita huko wanaijua shida ya umeme. Mwaka 2020, kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa katika mashambulizi, wilaya kadhaa za kaskazini ya Cabo Delgado zilibaki gizani, na jenereta ikawa tegemeo.

Tuchukue mfano wa kituo kidogo cha ulinzi chenye jenereta ya wati 3,000. Simu ya upepo yahitaji wati 100, jokofu la chanjo 150, taa 200, pampu ya maji 400, kompyuta 600 na birika la umeme 2,000. Jumla ni wati 3,450. Mpishi achomekapo birika, swichi kuu hukata, na simu ya upepo hunyamaza pamoja nalo, ingawa yenyewe haikuomba hata sehemu moja katika thelathini.

Jambo hili huwasumbua pia mafundi wa vituo vya data, yaani majumba ya kompyuta kubwa ziitwazo seva, kama kile cha taifa kilichopo Kijitonyama, Dar es Salaam. Kwa kuwa seva hazifanyi kazi zote kwa nguvu kamili wakati mmoja, mafundi huunganisha nyingi kupita uwezo wa waya. Je, zikiamka zote? Mwaka 2016 wahandisi wa Facebook, huko Marekani, walieleza mtambo wao uitwao Dynamo, ambao hupima umeme kila baada ya sekunde chache. Mzigo ukikaribia kikomo, hauzimi kitu: huzipunguza mwendo kwanza seva za daraja la chini, nazo zile ambazo nyingine nyingi huzitegemea huguswa mwisho. Kazi huchelewa, haipotei. Kikomo nacho hakiondolewi mpaka mzigo ushuke vya kutosha, la sivyo mtambo ungebana na kuachia bila kupumzika.

Swichi nayo ina subira yake. Mzigo ukizidi kidogo huvumilia dakika kadhaa. Ukizidi sana hukata mara moja. Katika subira hiyo ndimo fundi afanyapo kazi.

Kwetu sisi, daraja ziandikwe na kubandikwa kando ya swichi kabla ya shida kutokea. Simu ya upepo na chanjo mbele; birika nyuma kabisa. Tuseme wazi pia kwamba feni ya mkubwa wa kituo haimo katika daraja la kwanza. Pampu iwashwe alfajiri, kabla ya chai, maana mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya kawaida yake. Na simu ya upepo ipewe betri yake yenyewe, inayojazwa mchana, ili jenereta ikizimika usiku mlinzi wa Pundanhar aendelee kusikika Palma.