Tamthilia zilizobaki vinywani mwa marafiki

Mzigo ukichelewa Malaba, mfanyabiashara aliyetangulia Kampala hubaki na siku mbili tatu za kusubiri. Simu kwa wakala wa forodha, simu kwa dereva, kisha kimya. Wengi huzimalizia Kikuubo wakilinganisha bei. Wanaopanga vyumba upande wa Nsambya, ng'ambo ya reli, wana njia nyingine ya kupitisha jioni. Huketi na watu wanaosimuliana tamthilia na filamu za zamani, na kufikia safari ya tatu hakuna anayewaita wageni.

Urafiki huo hauna kadi ya uanachama wala mwenyekiti. Ni fundi samani na mteja wake, muuguzi aliyetoka zamu na mwendesha boda boda anayemrudisha nyumbani, mama wa mgahawa na polisi mstaafu. Mmoja anataja mchezo, mwingine anauliza aliuonea ukumbi gani na nani alicheza nafasi ya mfalme. Hapo ubishi umeshaanza, na chai ya pili imeshaagizwa.

Mgeni asiyejua Kiganda hushangaa kuona anaelewa. Nsambya ina sababu zake. Kilima hiki, kilichopewa jina la miti ya omusambya, kilitolewa na Kabaka Mwanga kwa wamisionari wa Mill Hill mwaka 1895, na hospitali ya Mtakatifu Fransisko iliyoanzishwa hapo mwaka 1903 bado inapokea wagonjwa. Chini ya kilima ikaja reli, na pamoja na reli wakaja wafanyakazi kutoka Kenya. Kisha kambi ya polisi, na katika Uganda Kiswahili ni lugha ya polisi na jeshi. Mtoto aliyekulia kambini huzungumza Kiganda barabarani na Kiswahili mlangoni kwao. Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba Kiswahili kiwe lugha rasmi na kifundishwe shuleni, Nsambya haikuwa na jipya la kujifunza. Muuza vitenge wa Goma na muuza vitunguu wa Arusha hupata msikilizaji hapa bila kutafuta mkalimani.

Jina linalorudi mara nyingi wanapozungumza wapenzi wa tamthilia za nyimbo mjini Kampala ni la Byron Kawadwa. Yeye na mwanamuziki Wassanyi Serukenya waliunganisha uigizaji, ngoma na uimbaji wa Kiganda katika kazi moja, jambo ambalo watazamaji wa Kampala waliliona ni lao wenyewe, si la kuazima kwa Waingereza. Katika Oluyimba lwa Wankoko, mtu aitwaye Wankoko anapanga njama ya kunyakua kiti cha enzi. Mchezo haukutaja kiongozi yeyote wa siku zile. Haukuhitaji. Watu walikumbuka Mei 1966, Milton Obote alipopeleka jeshi katika ikulu ya Kabaka Mutesa wa Pili, Mengo, na kila aliyeketi ukumbini alijijazia majina.

Kawadwa alikuwa mkurugenzi wa National Theatre, jengo lililofunguliwa mwaka 1959 na ambalo mtu wa Nsambya hufika kwa miguu akiwa na nafasi. Mwanzoni mwa mwaka 1977 mchezo wake ulipelekwa Lagos, kwenye tamasha kubwa la sanaa za watu weusi lililojulikana kama FESTAC. Muda mfupi baada ya kurudi, watu wa usalama wa Idi Amin walimchukua kutoka kwenye jengo hilohilo la National Theatre, wakamuua. Ulikuwa mwezi ambao hata Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa. Jiji lilijifunza kwa siku chache kwamba wala joho wala jukwaa havikumlinda mtu.

Tangu hapo kumbukumbu ya kazi zake imekaa zaidi vichwani mwa watu kuliko kwenye kanda. Aliyekuwa na miaka 20 mchezo ulipochezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 leo amepita 70. Anakumbuka nyimbo, anakumbuka nguo za baraza la mfalme, pengine hakumbuki nani aliimba sauti ya pili. Rafiki yake anakumbuka. Ndiyo maana wanatafutana. (Kwa haki, si kila anayedai aliuona mchezo aliuona. Ukiwahesabu wote wanaoapa kwamba walikuwemo, ukumbi ungehitaji kuwa na ukubwa wa Uwanja wa Namboole.)

Kizazi kilichofuata kina hadithi yake, nayo inaanzia kwa wamisionari walewale wa kilima cha Nsambya. Padri Damian Grimes wa Mill Hill aliongoza Chuo cha Namasagali, shule ya sekondari wilayani Kamuli iliyowekwa kwenye majengo ya bandari ya zamani ya reli na meli kando ya Nile. Kwa miongo kadhaa, mpaka mwaka 2000, alifanya dansi na uigizaji kuwa sehemu ya masomo, na wanafunzi wake walileta maonyesho yao National Theatre. Wazazi wengi walinung'unika. Mtoto amelipiwa karo asome hesabu, anarudi likizo akijinyoosha kama mcheza dansi! Lakini humo walitoka Juliana Kanyomozi na Iryn Namubiru, na leo wapenzi wa jukwaa waliopita Namasagali hutambuana kwa maneno machache, kama watu wa kijiji kimoja wanaokutana ugenini. Grimes alifariki mwaka 2024, na kwa siku kadhaa wanafunzi wake wa zamani hawakuwa na mazungumzo mengine.

Upande wa filamu, wafanyabiashara wa kuvuka mipaka wana faida juu ya wenyeji. Sinema nyingi za miji ya Afrika Mashariki zilikuwa mikononi mwa wenye asili ya Asia, na Amin alipowafukuza mwaka 1972, kumbi za Kampala zilipoteza wenyewe waliojua filamu ziagizwe wapi. Norman, iliyokuwa sinema ya watu wenye hadhi, baadaye ikawa kanisa. Lakini Naaz ya Mombasa, Majestic ya Zanzibar na Avalon ya Dar es Salaam ziliendelea na filamu za Kihindi, na watu wa pwani wakakua wakiimba nyimbo zake bila kujua Kihindi. Watunzi wa taarabu nao walichota humo waziwazi. Mpemba au mtu wa Mombasa akifika Nsambya na kumbukumbu za Raj Kapoor, huyo hanunui chai yake.

Filamu inayozua ubishi mrefu kuliko zote ni Mother India ya mwaka 1957, na mtu wa biashara ataelewa upesi kwa nini. Kisa chake ni deni. Mama mkwe anakopa rupia 500 kwa Sukhilala, mkopeshaji wa kijiji, ili afanye harusi ya mwanawe. Hajui kusoma. Anaweka alama kwenye karatasi asiyoielewa, na kesi ikienda kwa wazee wa kijiji, karatasi inashinda: robo tatu ya mavuno ni riba, kila mwaka, na deni lenyewe liko palepale. Radha, mke wa yule kijana, anapoteza ng'ombe, anapoteza mume, anazika watoto, analima kwa mikono yake. Mwanawe Birju anakua na chuki ya mkopeshaji mpaka anakuwa jambazi. Siku anapomteka binti wa Sukhilala, Radha anamwambia amwache. Hataki. Mama anampiga risasi mwanawe mwenyewe.

Je, alifanya sawa? Swali hilo linaweza kuchukua jioni nzima. Wapo wanaosema heshima ya binti wa watu ni heshima ya kijiji, na mama hakuwa na njia. Wengine wanasema risasi ilimpata aliyeonewa, kwa kuwa mwenye hatia alikuwa Sukhilala na daftari lake. Mwanamke aliyewahi kukopa kwa riba ya wiki ili akomboe mzigo mpakani hasemi haya kama anazungumzia India. Anajua karatasi ile. Pengine hajawahi kumweleza mtu yeyote hesabu zake, na hapa anazieleza kupitia Radha, na walioketi naye wanaelewa bila kuuliza ni kiasi gani.

Sarafina! nayo ina nafasi yake, hasa kwa waliosoma miaka ya 1990. Ilianza jukwaani Afrika Kusini mwaka 1987, ikafika Broadway, kisha mwaka 1992 ikawa filamu ya Leleti Khumalo na Whoopi Goldberg, juu ya wanafunzi wa Soweto walioasi mwaka 1976. Marafiki wa rika hili hawaisimulii. Wanaicheza, mmoja mwalimu, wengine darasa, hata wakiwa na miaka 45 na magoti yanayolalamika. Mtunzi wake, Mbongeni Ngema, alifariki Desemba 2023.

Kazi kubwa ya marafiki hawa, ambayo wenyewe hawaiiti kazi, ni kunong'ona. Mchezo wa Kiganda ukichezwa, iwe National Theatre, La Bonita au katika ukumbi wa Sharing hapohapo Nsambya, mgeni wa Kisumu au Bukoba hukaa karibu na rafiki anayemtafsiria sikioni. Si kila neno. Utani wa Kiganda una mafumbo ambayo hata Mganda wa mjini huyakosa. Mtafsiri mzuri hukuacha ucheke nusu dakika baada ya wengine, na mtafsiri mbaya hukueleza utani mpaka ukafa. Nje ya mlango, mambo hugeuka: mgeni ndiye anayesimulia sinema ya kwao, na mwenyeji anatega sikio.

Uganda imeugeuza mnong'ono huo kuwa biashara. Katika vibanda vya video, VJ husimama na kipaza sauti akitafsiri filamu ya kigeni kwa Kiganda, akiongeza kejeli, majina ya mitaa ya Kampala na bei za sokoni. Kenya ina DJ Afro anayefanya hivyo kwa Kiswahili cha mitaani, na Dar es Salaam ilimjua marehemu Lufufu kwa kazi hiyohiyo. Filamu zilizotafsiriwa husafiri kwenye flashi ndani ya mabegi ya wafanyabiashara, bila ushuru na, ukweli usemwe, bila haki za wenye kazi kulipwa.

Nabwana I.G.G., mtengenezaji filamu wa Wakaliga, mtaa mwingine wa Kampala, ni zao la desturi hii. Akiwa mtoto hakwenda sinema. Kaka zake walikwenda, wakirudi wakamsimulia mapigano yote, na yeye akayaona kichwani. Mwaka 2010 akatoa Who Killed Captain Alex?, filamu iliyotengenezwa kwa fedha kidogo sana na ambayo sasa inajulikana mabara yote. Ndani yake VJ Emmie anapiga kelele kama rafiki aliyeketi kiti cha pembeni, tena rafiki asiyejua kunyamaza.

Kwa mtu wa biashara lipo swali la wazi: urafiki wa namna hii unafaa kwa lolote zaidi ya kupitisha jioni? Unafaa, kwa kipimo. Anayekujua kwa miaka mitano kupitia ubishi wa Birju na mama yake atakupokelea kifurushi kituo cha basi, atakuambia nyumba ipi ya kulala ina mlango unaofungika, atakuja kukuona ukilazwa hospitalini kilimani ukiwa mbali na ndugu. Lakini wazoefu hawamkopeshi mtu mzigo kwa sababu tu anajua nyimbo zote za Sarafina. Wanaandika, wanatia saini, kisha wanarudi kwenye maongezi. Waliochanganya mambo hayo mawili wapo, nao siku hizi hupitia barabara nyingine.

Kinachowasumbua wakubwa wa Nsambya ni muda. Vijana wanatazama kwenye simu, kila mmoja na spika zake masikioni, na filamu inayotazamwa na mtu mmoja haimhitaji wa kuisimulia. Walioona tamthilia za Kawadwa wanapungua kila mwaka. Baadhi ya watoto wao wameanza kuwarekodi kwa simu, mzee mmoja akiimba, mwingine akimkatiza kumsahihisha. Kanda hizo ni mbovu kusikiliza: boda boda zinapita, vikombe vinagongana, mtu anauliza sukari iko wapi. Katikati yake wimbo unaanza, unakwama kwenye ubeti wa pili, wanakubaliana wampigie simu mwenzao aliyehamia Jinja.