Tundu katika Bomba la Moshi la Pikipiki

Asubuhi mapema mjini Tarime, ukungu ungali juu ya vilima, pikipiki za abiria huanza kazi. Moja hupita kwa sauti ya chini kama mtu mwenye adabu. Nyingine hunguruma hata kuku wakatawanyika, na watoto wachanga wakaamka wakilia. Pengine pikipiki hizo mbili zimetoka kiwanda kimoja, mwaka mmoja. Tofauti yao ni tundu tu, labda halizidi punje ya hindi, katika bomba la kutolea moshi, ambalo mafundi huliita ekzosi.

Yafaa tujue kwanza bomba hilo lafanya kazi gani. Petroli huungua ndani ya mtambo kwa mishindo, si kwa mfululizo kama moto wa jikoni. Mtambo wa silinda moja, kama ule wa pikipiki nyingi zichukuazo abiria, hutoa pumzi moja ya moshi kwa kila mizunguko miwili. Basi ukizunguka mara 3,000 kwa dakika, hutoa pumzi 25 katika kila sekunde, na kila pumzi ni kama mlio wa bunduki ndogo. Ndani ya ekzosi mna vyumba vilivyotengwa kwa mabamba ya chuma. Sauti hupiga ukuta, hurudi, hukutana na ile ijayo nyuma yake, nazo hupunguzana nguvu. Ndugu wawili wa Marekani, Milton na Marshall Reeves, walipewa hati ya uvumbuzi wa chombo cha namna hiyo mwaka 1897. Bomba likitoboka, sauti haina haja tena ya kupita katika vyumba vile. Hutokea mlango wa karibu.

Wengi husema tundu lilitokana na jiwe la barabarani, na kweli mawe na tope hukwangua rangi ya bomba. Lakini mara nyingi adui yumo ndani. Petroli haina maji, lakini ikiungua huzaa maji, kwa kuwa haidrojeni iliyomo huungana na oksijeni ya hewa. Lita moja ya petroli huzaa maji yapata lita moja! Bomba likiwa na moto mkali, maji hayo hutoka kama mvuke. Likiwa bado baridi, hugeuka matone, yakatulia chini pamoja na masizi na asidi kidogo, yakala chuma polepole. Kwa sababu hiyo pikipiki izungukayo sokoni tu, safari fupi fupi, huweza kuoza bomba upesi kuliko ile iendayo mbali, kutoka Tarime kuvuka Mto Mara hata Mugumu katika Serengeti, maana hiyo hupata joto la kutosha kukausha tumbo lake.

Je, madhara yake ni kelele tu? Hata kelele si jambo dogo kwa dereva aishiye nayo tangu alfajiri hata usiku. Masikio huharibika kidogo kidogo, wala hayaponi. Tena moshi utokao tunduni ni wa moto sana, nao waweza kuunguza mguu wa abiria au upindo wa kanga. Lakini kubwa zaidi ni hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki, nayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Watu wengi hulaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Si vibaya, lakini isiwashwe humo asubuhi, hata mara moja, liwe bomba bovu au zima. Isukumwe nje kwanza. Watoto waliolala chumbani hawatapata onyo lolote.

Sasa tuje kwenye matengenezo. Pikipiki ikiwa baridi, na ikiwa uwanjani, mtu mzima huiwasha, kisha huziba mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene chenye maji kwa muda mfupi. Penye tundu patalia shii. Pengine sauti hiyo hutoka pale bomba linapoungana na mtambo. Basi hapana haja ya kiraka, bali ya gasketi mpya, nayo ni bei ndogo.

Kama bomba limetoboka, sharti lifunguliwe kabisa, maana kuchomelea karibu na tangi la petroli ni kucheza na mauti. Fundi huligonga kwa nyundo ndogo, akakata chuma chote kilicholika hata afike kilicho kizima. Asipofanya hivyo, kiraka kitashikwa na kutu tupu, na baada ya majuma machache tundu jipya litatokea kando yake. Wengine hukata kiraka katika bati la kuezekea nyumba, kwa kuwa lapatikana kila mahali. Hilo ni kosa. Bati hilo limepakwa zinki, na fundi akivuta moshi wake aweza kushikwa na homa na kutetemeka usiku, akadhani ni malaria. Heri kipande cha chuma kitupu. Na bomba likitikiswa likalia kama kayamba, vyumba vya ndani vimevunjika. Hapo kiraka cha nje hakitanyamazisha kelele, ni kununua jingine.

Tena, si kila tundu ni la kuzibwa. Baadhi ya ekzosi zina kitundu kidogo upande wa chini, kilichotobolewa kiwandani makusudi ili maji yapate kutoka. Nacho hutambulikana upesi: ni cha mviringo sawasawa, na chuma kandokando yake ni kigumu, ambapo tundu la kutu lina kingo nyembamba zenye meno. Fundi akikiziba hicho, maji yote hubaki ndani.