Okidi ya kwanza: Kagua mizizi kabla ya kuvutiwa na ua

KIZURI chajiuza, walisema wahenga. Lakini kwa anayenunua okidi aina ya Cattleya kwa mara ya kwanza, uzuri huo waweza kumtia hasara. Ua lake ni kubwa, la zambarau, waridi, jeupe au la manjano, na aina nyingi hunukia. Mnunuzi hulipenda ua, hulipa na kwenda nalo nyumbani. Baada ya wiki mbili au tatu ua hunyauka, na hapo ndipo anapogundua kwamba amenunua mmea usio na mizizi hai.

Asili ya Cattleya ni Amerika ya Kati na Kusini. Ulipewa jina kwa heshima ya William Cattley wa Uingereza, aliyekuza mimea ya nchi za joto mwanzoni mwa karne ya 19. Nchini Colombia, Cattleya trianae ndilo ua la taifa.

Huko kwao hujishikiza juu ya matawi ya miti, mizizi ikiwa kwenye hewa, wala haunyonyi chakula cha mti huo. Ndiyo maana ukiupanda katika udongo wa shamba mizizi hukosa hewa na kuoza.

Mdogo au mkubwa?

Miche midogo huuzwa kwa bei nafuu, lakini kwa anayeanza, rahisi hiyo ni ghali. Mche uliotoka maabara huweza kuchukua miaka 4 hadi 7 kabla ya kuchanua, na hufa upesi ukikosewa maji. Ni heri ununue mmea mmoja uliokomaa, kwa kawaida ulio kwenye chungu cha inchi 4 au 5, ambao umewahi kuchanua.

Kabla ya kutoa pesa, kagua mambo haya:

• Mashina manene yanayohifadhi maji yawe manne au zaidi, yamejaa, si yaliyonywea.

• Kuwe na chipukizi jipya, kwa sababu ua la msimu ujao litatokea hapo.

• Mizizi iwe migumu na myeupe, yenye ncha za kijani. Tikisa mmea taratibu. Ukiyumba hovyo, haujashika.

• Majani yawe ya kijani kilichopauka kidogo. Kijani kilichokolea sana ni dalili ya kukosa mwanga.

• Geuza majani utazame wadudu wa magamba na wale weupe kama pamba.

Chagua kulingana na mahali

Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na Medellín, mji wa Colombia, iko mita 1,500 hivi. Kwa hiyo mkazi wa nyanda za juu anaweza kuanza na chotara za maua makubwa, mradi azikinge na baridi kali ya usiku.

Wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam atafute chotara zenye damu ya Brassavola nodosa, okidi inayostahimili joto la nyanda za chini. Aepuke zile ndogo nyekundu zenye damu ya Cattleya coccinea, ambayo hutoka milima ya Brazil na hupenda ubaridi.

Kwa vyovyote vile, anza na chotara. Kwa kawaida huvumilia makosa kuliko mimea ya asili.

Panda katika vipande vya mkaa, maganda ya miti au makumbi ya nazi. Makumbi yaloweke kwanza na kumwaga maji mara kadhaa ili chumvi itoke. Weka chini ya neti ya kivuli cha nusu jua. Mwagilia asubuhi, kisha ngoja hadi vipande vikaribie kukauka ndipo umwagilie tena.

Je, kuna biashara?

Ipo, ila si ya haraka. Chotara nyingi huchanua mara moja au mbili kwa mwaka. Mmea wenye mashina sita au zaidi waweza kugawanywa, kila sehemu ikibaki na matatu au manne, wakati mizizi mipya inapoanza kutoka. Sehemu hizo ndizo mtaji wako.

Anayefikiria kuagiza kutoka nje akumbuke kwamba biashara ya okidi kati ya nchi inasimamiwa na mkataba wa CITES. Aulize kwanza masharti ya vibali: Kenya kwa KEPHIS, na Tanzania kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu.

Kwa hiyo usikimbilie kununua miche hamsini. Nunua mitatu, iliyokomaa na yenye mizizi. Ikichanua tena mikononi mwako, hapo utakuwa umejua kazi, na waweza kuongeza.