Mwanasesere Anamfundisha Nini Binti Yako?

Mama mmoja wa hapa Hedaru alimnunulia binti yake wa miaka sita mwanasesere wa plastiki kando ya barabara kuu, pale yanapopita mabasi ya Arusha na Dar es Salaam. Alikuwa na kiuno chembamba, viatu virefu na nywele za manjano zilizofika mgongoni. Mtoto alifurahi mno, hata akalala naye.

Wiki haikwisha. Jioni moja mama alirudi shambani akamkuta binti analia nyuma ya nyumba, kopo la dawa ya nywele likiwa wazi miguuni pake. Alikuwa amejipaka mwenyewe. Ngozi ya kichwa iliungua juu ya sikio. "Nilitaka ziwe kama zake," alisema.

Tulipokwenda kumpa pole mama yule, mwanasesere alikuwa ameshatupwa chooni. Nasi tulikubali kwamba yeye ndiye mkosaji. Tulipotafakari baadaye, tuliona neno jingine.

Sisi tulichezea nini?

Wengi wetu tuliolelewa huku Upareni hatukununuliwa mwanasesere. Tulichukua gunzi lenye ndevu zake, tukazisuka, tukalifunga kipande cha khanga kuukuu na kulibeba mgongoni. Mama akisuka twende kilioni, na gunzi nalo lilisukwa twende kilioni.

Kule pwani Wazaramo wana mwana hiti, sanamu ndogo ya mti anayopewa mwali ili aitunze kama mtoto wake. Haina mikono wala miguu, lakini kichwa chake kimechongwa kufuata mtindo wa nywele wa wanawake wa kale. Tangu zamani, basi, mwanasesere huvaa kile ambacho wakubwa wanakipenda.

Barbie na nyakati zake

Ndivyo ilivyo hata kwa Barbie wa Marekani, ambaye wanasesere wengi wa plastiki wanaouzwa kwetu wameigwa kwake. Ruth Handler wa kampuni ya Mattel alimwonyesha New York mwezi Machi 1959. Wanasesere wengi wa siku hizo walikuwa vichanga wa kubembelezwa. Huyu alikuja mwanamke mzima, amevaa vazi la kuogelea. Mwaka 1965 alivaa nguo za mwanaanga. Mwaka 1985, wanawake wengi wakiwa maofisini, alivaa suti ya kazi iliyogeuka vazi la sherehe usiku.

Mwaka 1992 alitoka mwenye nywele zilizofika miguuni, akauzwa zaidi ya milioni 10. Mwaka huo huo alitoka mwingine anayeongea, na mojawapo ya maneno yake lilikuwa kwamba hesabu ni ngumu. Wanawake walilalamika, na kampuni ikaliondoa neno hilo. Mweusi wa kwanza kuitwa Barbie, mwenye nywele fupi za kipilipili, alibuniwa na Kitty Black Perkins na kutoka mwaka 1980, yaani miaka 21 baada ya yule wa kwanza. Wanene, wafupi na warefu walifuata mwaka 2016.

Watoto huyaona haya. Katika miaka ya 1940, wataalamu Kenneth na Mamie Clark waliwaonyesha watoto weusi wa Marekani wanasesere waliotofautiana kwa rangi tu. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri.

Dawa ilikuwa ya nani?

Sasa turudi Hedaru. Kopo lile lilikuwa la mama. Kila harusi ilipokaribia alijipaka mbele ya binti yake. Na sisi wengine, ni mara ngapi tunamchana mtoto huku tukilalamika kwamba ana nywele mbaya? Ni mara ngapi tunamsifu mtoto wa jirani kwa weupe wake? Mwanasesere hana sauti. Maneno hayo binti ameyasikia kwetu.

Hatusemi wasinunuliwe. Tunasema hivi:

- Kaa na binti anapocheza, umwulize: huyu ni nani, anafanya kazi gani, kwa nini ni mzuri?
- Omba vipande vya kitambaa kwa fundi cherehani. Mshoneni mwanasesere awe muuguzi, mwalimu au mkulima wa tangawizi.
- Msuke bila kuzitukana nywele zake. Ameumbwa kwa mfano wa Mungu, nywele zikiwemo.
- Dawa ya nywele ifungiwe mbali na watoto. Ikimgusa, mwoshe mara moja kwa maji mengi, kisha mpeleke zahanati.

Mama yule alilazimika kumnyoa binti ili kidonda kipone. Mtoto alipolia kwa aibu, mama alichukua wembe akanyoa na zake.

Juzi tulimkuta binti kivulini, amebeba gunzi mgongoni. Alikuwa amelinyonyoa ndevu zote. "Huyu ni mimi au mama," alituambia, "tunafanana."