Kiingereza kwa Mazungumzo: Neno "Kusikia"

Kuna neno moja ambalo huwasumbua sana wanakikundi wanaojifunza Kiingereza katika masomo ya watu wazima. Neno hilo ni "kusikia". Sisi tukiamka asubuhi tunasikia jogoo, tunasikia baridi, tunasikia harufu ya moshi, tunasikia njaa, na aliyelala vibaya anasikia maumivu ya shingo. Yote ni kusikia. Mwingereza hakubali. Kwake linalosikia ni sikio tu, na neno lake ni "hear". Baridi na maumivu ni "feel". Harufu ni "smell". Njaa hata haisikii, yeye husema "I am hungry", yaani mimi nina njaa, basi.

Kwa hiyo mtu akitafsiri neno kwa neno atasema "I am hearing pain" na watu watacheka. Kicheko si kitu. Taabu iko hospitalini. Mgonjwa wa sukari anaweza kufa ganzi miguuni, akakanyaga msumari asijue, na kidonda kikaoza. Huyo akimwambia daktari mgeni "I am not hearing my foot", daktari aweza kudhani shida ni masikio. Aseme hivi: "I cannot feel my foot." Ni maneno matano tu, na kila mama na kila mzee katika kikundi ayajue kwa moyo. (Kiingereza kikikataa kabisa, sema kwa Kiswahili bila haya. Katiba ya 2010 imefanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.)

Kuandika maneno haya ubaoni na kuyaimba pamoja hakusaidii sana. Wiki ijayo yote yamesahaulika. Afadhali mzungumze huku vitu viko mbele yenu. Kwa mkutano ujao kila mmoja alete kitu cha nyumbani: ndimu, kitunguu, mala kidogo kwa kikombe, kipande cha sabuni, gunzi la mahindi. Mmoja afungwe leso machoni, mwenzake amkaribishie kitu na kumwuliza:

– What can you smell?
– I can smell soap.
– Taste this. How does it taste?
– It tastes sour.
– Touch this. How does it feel?
– It feels rough.

Ile ya kuonja iwe ni ndimu au mala, jamani, si sabuni!

Mmeona lile neno "can"? Waingereza hulipenda hapa. Husema "I can hear the bell", hawasemi "I am hearing the bell". Tena mtu hunusa, lakini kitu nacho hunuka, na kwa Kiingereza yote mawili ni "smell": "I can smell the milk", kisha "The milk smells bad".

Wanaouza maziwa washike hilo vizuri. Mtu wa kupokea maziwa akifungua mkebe hutazama na kunusa kwanza. Akisema "This milk smells bad" hajakutukana, bali amekataa maziwa. Usiondoke kimya. Mwulize: "What does it smell of?" Akijibu "smoke", angalia kama chombo kilikaa karibu na moto. Akijibu "paraffin", mkebe uliwekwa karibu na taa au jiko la mafuta. Akisema "It smells sour", basi chombo hakikuoshwa vizuri, au maziwa yalikaa sana kwenye joto.

Kuona na kutazama, kusikia na kusikiliza, hapo hamna shida kwa sababu hata sisi tunatofautisha: "see" na "look", "hear" na "listen". Msisahau tu vile vineno vidogo vinavyofuata: "look at the cow", "listen to the radio".

Mkizoea, rudieni mazungumzo yale yale kwa mambo ya jana: heard, felt, smelt, tasted, saw.