The Magic Garden: Albamu ya waimbaji weusi walioambiwa "hawaimbi kama weusi"

Kama umewahi kuimba kwaya, unalijua jambo hili. Sauti ya kwanza ikiwa peke yake, wimbo unaeleweka. Zikiingia ya pili, ya tatu na besi, wimbo unajaa. Mwaka 1967, mjini Los Angeles, Marekani, kundi la The 5th Dimension lilirekodi albamu nzima iliyosimama juu ya utamu huo. Inaitwa The Magic Garden, yaani Bustani ya Maajabu.

Hawa ni akina nani?

Ni Wamarekani weusi watano: Marilyn McCoo, Florence LaRue, Billy Davis Jr., Lamonte McLemore na Ron Townson. Davis alitoka kwenye nyimbo za injili. Townson alisomea uimbaji wa opera. McLemore alikuwa pia mpiga picha. Mwaka huohuo wa 1967 walivuma kwa Up, Up and Away, wimbo wa safari ya angani kwa puto kubwa, ambao mwaka 1968 ulishinda tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya mwaka.

Albamu ina nini?

Nyimbo zake zote, isipokuwa mmoja wa The Beatles, zilitungwa na Jimmy Webb, kijana wa miaka 21. Yeye ndiye pia aliyepanga muziki wa okestra. Albamu inaanza na utangulizi na kuishia na tamati, kama hadithi. Katikati kuna mapenzi: yanachanua, yanayumba, yanavunjika.

Katika muziki wa soul wa miaka ile, mara nyingi mwimbaji mmoja alilia mbele ya ngoma, gitaa la besi na tarumbeta. Hapa kuna fidla nyingi na vyombo vya kupuliza. Anayependa taarabu hatashangaa: fidla haziko nyuma kama pambo, zinamjibu mwimbaji. Na mara nyingi hakuna mwimbaji mmoja. Sauti zinapokezana, kisha zinakutana.

Je, ilivuma?

Haikufikia mauzo ya albamu iliyoitangulia. Lakini wimbo wake mmoja, The Worst That Could Happen, unaohusu mtu ambaye mpenzi wake anaolewa na mwingine, ulirekodiwa upya na kundi la Brooklyn Bridge. Mwanzoni mwa 1969 ulifika nafasi ya tatu Marekani.

Ubishi ulitoka wapi?

Redio za Marekani wakati huo ziligawanyika: kulikuwa na vituo vya wasikilizaji weusi na vya wazungu. The 5th Dimension walipigwa sana kwenye vya wazungu, na wapo waliodhani kundi lenyewe ni la wazungu mpaka walipoona picha zao. Baadhi ya watu weusi nao wakawalaumu kwamba muziki wao si wa watu wao. Lawama hiyo iliwauma. Sauti walizaliwa nazo. Ni nani wa kuwapangia zisikikeje?

Mwaka 1969 waliimba kwenye tamasha kubwa la Harlem, New York, mtaa wenye watu weusi wengi, na umati ukawapokea. Sehemu kubwa ya picha za tamasha hilo ilikaa karibu miaka 50 bila kuonekana, hadi filamu ya Summer of Soul ilipotoka mwaka 2021. Ndani yake McCoo, akiwa na mumewe Davis, anaitazama siku ile na machozi yanamlenga. Kupokelewa Harlem kulikuwa na maana kubwa kwao.

Uisikilizeje?

Spika ya simu humeza besi, hivyo tumia vifaa vya masikioni. Mara ya kwanza fuata sauti nene ya chini peke yake. Mara ya pili fuata fidla. Mara ya tatu acha zote zije pamoja.