Mwenye sukari na jino la skrubu

Kilibula, kama mitaa mingine ya Uvira, utasikia wakubwa wakionyana: mwenye sukari asiguse meno yake. Jino likimuuma avumilie, kwa kuwa akiling'oa kidonda hakitafunga. Hofu hiyo haikuzuka bure. Sukari ikiwa juu, jeraha hukawia kweli na usaha hupata nafasi. Ila ndani ya onyo hilo mna madai mawili yaliyofungwa kamba moja: kwamba mfupa wa mwenye sukari hupona polepole, na kwamba haponi kabisa akishakatwa. La kwanza ni kweli. La pili limepimwa kwa makini, tena kwa kifaa ambacho wengi wetu hatujakiona: skrubu ndogo ya titani ambayo daktari wa meno huifunga ndani ya taya ili ibebe jino la bandia.

Skrubu hizo zilianza kwa bahati. Mwaka 1952, mjini Lund nchini Sweden, Per-Ingvar Brånemark alikuwa akichunguza namna damu inavyopita ndani ya mfupa wa mguu wa sungura, akitumia kifaa kidogo cha titani. Uchunguzi ulipokwisha akataka kukitoa kifaa chake, kikagoma. Mfupa ulikuwa umekikamata. Mwaka 1965 akamfungia Gösta Larsson, mtu aliyezaliwa na kasoro ya taya, skrubu za chuma hicho hicho. Larsson alifariki mwaka 2006, skrubu zikiwa bado zinafanya kazi.

Za kwanza zilichongwa kwa mashine zikaachwa laini, na mgonjwa alingoja miezi mitatu mpaka sita kabla ya kuwekewa jino juu yake. Baadaye ikajulikana kuwa ulaini ndio uliochelewesha mambo. Fundi anayejua kazi hukwaruza ukuta kwanza ndipo apige plasta. Viwanda vikaanza kuipiga skrubu kwa mchanga mgumu unaorushwa na hewa, kisha kuitia kwenye asidi. Inatoka na mashimo ya namna mbili: makubwa ya mikromita 20 hadi 40, na ndani yake madogo ya mikromita 2 hadi 4, ambayo macho hayawezi kuyaona. Kwa macho unaona tu chuma kilichofifia, kisicho na mng'ao.

Kinachotokea hapo ni kazi ya damu. Skrubu ikiingia, damu inaganda kuizunguka, na bonge hilo lina nyuzi nyembamba. Chembe zinazojenga mfupa husafiri juu ya nyuzi hizo. Kwenye uso laini nyuzi hubanduka njiani, kwa hiyo mfupa mpya hujengwa kuanzia upande wa taya na kuisogelea skrubu taratibu. Kwenye uso wenye mashimo nyuzi hushika, chembe hufika hadi kwenye chuma chenyewe na kuanza kujenga pale pale, pande mbili kwa pamoja.

Kisha watafiti wakagundua jambo la maji. Titani ikikaa hewani hushika kaboni, na tone la maji likidondoshwa juu yake hujikunja likabaki mviringo. Skrubu iliyotunzwa kwenye maji ya chumvi tangu kiwandani haina shida hiyo: tone linatandaa mara moja, na damu vilevile. Mwaka 2004 Daniel Buser na wenzake walizilinganisha hizo mbili kwenye taya za nguruwe wadogo. Baada ya wiki mbili, mfupa ulikuwa umegusa asilimia 49 ya skrubu inayopenda maji, na asilimia 29 ya ile nyingine, ingawa mashimo yao ni yale yale.

Sasa mlete mwenye sukari. Mwilini mwake sukari iliyozidi huganda kwenye kolajeni, ile kamba ambayo mfupa hujengwa juu yake, na kuifanya kavu. Mishipa midogo ya damu huharibika. Chembe za ulinzi, ambazo zilipaswa kusafisha jeraha siku chache na kuwapisha wajenzi, huendelea kupigana muda mrefu. Wajenzi wenyewe huzubaa. Ndiyo sababu madaktari wengi walimkatalia mgonjwa wa sukari skrubu moja kwa moja, bila hata kuuliza sukari yake iko ngapi.

Thomas Oates na wenzake huko San Antonio, Texas, waliuliza. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 2009 hawakusubiri kuona nani skrubu yake imeng'oka. Walipima wiki baada ya wiki jinsi inavyotikisika, kwa kifaa kinachoitetemesha kidogo na kusoma mwangwi wake. Kila mtu, hata mzima, hupitia kipindi kibaya: mfupa wa zamani uliobanwa na skrubu unaliwa kabla mpya haujakamilika, na kwa wiki kadhaa skrubu inalegea kidogo. Kwa wale ambao kipimo chao cha HbA1c, kinachosoma sukari ya miezi miwili mitatu, kilikuwa asilimia 8.1 au zaidi, ulegevu huo ulizidi na ukakaa muda mrefu zaidi. Kisha ukaondoka.

Mwaka 2014 wakatoa matokeo ya watu 117 wasio na meno ya chini, kila mmoja akiwa na skrubu mbili. Baada ya mwaka mmoja, skrubu zilizobaki zilikuwa asilimia 99 kwa wasio na sukari, karibu asilimia 99 kwa wenye sukari iliyodhibitiwa, na 100 kwa wenye sukari mbaya. Usishangilie sana hiyo 100, maana kundi lile lilikuwa la watu 20 tu. Lakini madai kwamba mfupa wao hauponi hayasimami tena. Unapona, kwa saa yake.

Je, skrubu ya bei kubwa inayopenda maji ingewaharakisha? Kwa hesabu ya nguruwe ungesema ndiyo. Jaribio la mwaka 2013 lilichukua watu 24 wenye HbA1c kati ya 7.5 na 11.4 na kuwafungia aina zote mbili. Tofauti ya maana haikuonekana. Kundi dogo, sawa, na huenda kubwa lingeonyesha kitu. Hata hivyo mimi, kama ndugu yangu mwenye sukari angevuka mpaka wa Kavimvira kwenda kutafuta meno Bujumbura, ningemwambia pesa ya uso mpya aiweke kwenye kipimo na kwenye kungoja miezi ya ziada.

Kipimo chenyewe ni hicho HbA1c. Kile cha kuchoma kidole kinasema sukari ya saa hiyo, na tunajua sote wagonjwa wanaojinyima bugali siku mbili kabla ya kwenda kwa daktari ili namba ipendeze. HbA1c haidanganyiki hivyo: inahesabu sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, ambazo huishi karibu siku 120, kwa hiyo inasimulia habari za miezi miwili mitatu iliyopita.

Kwa wengi wanaoishi kati ya milima ya Mitumba na ziwa, skrubu ni habari ya mbali, lakini fizi zao ni za karibu. Ugonjwa wa fizi na sukari huchocheana: sukari hulegeza fizi, na fizi zenye usaha hupandisha sukari. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2022 yalikuta kwamba kukwangua ugaga na kutibu fizi hushusha HbA1c kwa takriban 0.4 baada ya miezi mitatu minne. Hiyo si mbali sana na kinachopatikana kwa kuongeza kidonge kingine. Mama ambaye fizi zake hutoka damu kila anapopiga mswaki, na sukari yake haishuki ingawa anameza dawa, ana sababu ya kumtafuta daktari wa meno hata kama hana jino linalouma.

Na jino linalouma lisiachwe. Jino bovu lenye usaha linapandisha sukari kila siku linapokaa mdomoni. Kung'oa kwa mpango, daktari akiwa ameambiwa habari za sukari, hatari yake ni ndogo kuliko kungoja mpaka shavu livimbe.

Kwa atakayepata skrubu, kazi haiishi mwaka wa kwanza. Wenye sukari hupata uvimbe wenye usaha kuzunguka skrubu mara moja na nusu zaidi ya wengine, na huo hula mfupa kimyakimya. Skrubu inataka mswaki kila siku na mtu wa kuisafisha mara kwa mara, wakati daktari anayeijua huenda yuko ng'ambo ya mpaka ambao hufungwa bila taarifa. Asiye na uhakika wa kurudi kwake, meno ya bandia ya kuvua na kuvaa yatamfaa zaidi, na hayo atayaosha mwenyewe nyumbani.